Nani Anakohoa Nyumbani Mwenu?

Zahanati ya Vihingoni,
nyuma ya Matsangoni.
3 Machi 1986

Somo yangu Shekha,

Tumezoea kuanza barua kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako tu. Leo siwezi kuanza hivyo. Hofu yote iko huku kwangu, wala sikukubakishia hata kidogo.

Asubuhi hii ameletwa bavyaa kwa mkokoteni, baba yake Joram mume wangu. Alikanyaga msumari shambani wiki iliyopita, akafunga mguu majani, asimwambie mtu. Sasa unyayo umevimba hadi kifundoni, umejaa usaha, na mwili unamchemka. Phineas, dresa wetu wa kufunga vidonda, ameupasua na kuusafisha. Kilichobaki ni penisilini, na penisilini tuliyo nayo ni ya sindano, na sindano yenyewe ni ya tako, asubuhi na jioni. Paja nalo kwetu ni yale yale. Wa kudunga ni mimi peke yangu, maana daktari yuko kozini Nairobi na Easter, muuguzi mwenzangu, amekwenda kwao kujifungua.

Najua hata nyinyi watu wa mji mna haya ya ukwe. Kwetu Wagiriama ni zaidi ya haya. Bavyaa akija njiani mimi hukaa kando na kuinamisha macho mpaka apite. Jina lake silitamki, na kadi yake ya hapa ameiandika Phineas. Tangu niolewe naishi naye mji mmoja, boma moja la ukoo, na sidhani nimewahi kumtazama usoni. Sasa ndiyo nimfunue nguo?

Mavyaa, mkewe, amekaa nje ya mlango wa zahanati. Ameniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema, "Nyevu, ukimwona utupu babako, usirudi kwangu kuwasha moto."

Nimempa mzee vidonge kwanza, nikawaambia sindano bado inachemshwa. Ni uongo, somo, sindano zimeshapoa zamani. Bi Jedida, msimamizi wetu wa Kilifi, alikwisha kuniambia kwamba sare haina wakwe. Akisikia nimemwacha mtu na mguu kama ule kwa ajili ya mila, atanifukuza kazi, na nitakosa la kujitetea. Nikimgusa mzee, nitafukuzwa nyumbani. Barua hii nampa Charo, utingo wa basi la mchana, na kesho asubuhi atapita na jibu lako. Naogopa mguu ule, na naogopa kila kitu kilicho upande wa pili wa mguu ule.

Wako,
Nyevu


Shela, Malindi.
3 Machi 1986, jioni

Somo yangu Nyevu,

Charo amenikuta wodini na bakuli la uji wa mgonjwa mkononi, nikaisoma barua yako nimesimama mpaka uji ukaganda. Ngoja nikugombeze kwanza, nikucheke baadaye, kisha nikusaidie.

Vidonge? Kwa mguu uliojaa usaha? Mwalimu wetu wa Mombasa angesikia angekupiga na trei. Mguu kama huo hausubiri barua, somo. Haya, nimemaliza kugombeza.

Ndani ya kifurushi hiki mna kitambaa cha chumba cha upasuaji, kile cha kijani chenye tundu la mraba katikati. Ni kikuukuu, kilikuwa kikatwe vitambaa vya kufutia, nimekiomba kwa Matron Idah. Unakumbuka tulivyofundishwa? Mpasuaji haoni mtu, anaona mahali pa kazi tu. Phineas amlaze mzee kifudifudi, uso ukutani, amfunike chote, aliweke tundu panapohusika. Hapo ndipo uingie. Utaona ngozi kiasi cha kitumbua. Kitumbua hakina ukwe na mtu.

Na usinishangae kuwa nakutania. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakuwa wauguzi. Mimi mwenyewe kaka yangu Abdulghani alinisemesha mwaka mzima kwa kuwa niliwaosha wanaume wodini, mpaka Matron akanihamishia kwa watoto ili nyumba yetu ipate kulala. Kila mmoja na lake.

La mwisho. Huku wodi ya watoto pana nafasi ya muuguzi mmoja. Ukiomba uhamisho mapema, Matron atakutaka, amekwisha kuniuliza habari zako. Utakuwa mbali na wakwe, na mimi nitapata mtu wa kucheka naye chai ya saa nne. Lifikirie.

Mdunge mzee kwanza.

Shekha


Vihingoni.
12 Machi 1986

Somo yangu Shekha,

Kitambaa kilifika, ahsante sana. Mzee amepona. Jana ameondoka kwa mguu wake na fimbo, na mavyaa ameniletea mihogo na nazi mbili, anasema Mungu awabariki watu wa zahanati.

Aliyemdunga sindano ni Phineas. Nilimwelekeza nikiwa nje ya pazia, naye ana mkono mzuri. Basi yamekwisha, tusiyaseme tena.

Kadzo wangu anatambaa sasa, ameanza kuvunja vitu. Habari ya uhamisho nitaizungumza na Joram akirudi kutoka Watamu. Hoteli yao imejaa wageni, mwezi huu amekuja mara moja tu.

Nyevu


Malindi.
16 Machi 1986

Nyevu,

Sikutanii leo, kwa hiyo usitafute utani humu ndani.

Phineas ni dresa. Ni mtu mwema, anafunga bandeji vizuri kuliko mimi, lakini hakusomea sindano. Tako lina mshipa ambao ukiuchoma mtu anavuta mguu maisha yake yote, na tulikaa darasani mimi na wewe tukifundishwa mahali pa kuukwepa. Unamwelekezaje mtu nje ya pazia? Mzee angelemaa, au penisilini ingemkataa akazimia, ungeandika nini? Bi Jedida akijua, cheti chako kitakwenda, na cha Phineas hakipo cha kwenda, kwa hiyo yeye atakwenda mwenyewe jela.

Nakuandikia haya kwa kuwa nakupenda na kwa kuwa nimeogopa. Sikudhani wewe, uliyekuwa wa kwanza wetu kumshika maiti, ungeshindwa na mraba wa ngozi. Barua yako nimeichana vipande. Hii yangu nawe ichome.

Fomu ya uhamisho nimeitia humu. Nafikiri huko wakwe wamekuzidi nguvu.

Shekha


Vihingoni.
20 Mei 1986

Somo yangu Shekha,

Nimekaa kimya muda mrefu. Ulikuwa na haki ya kunigombeza, na mimi nilikuwa na sababu ya kunyamaza, tuyaache hapo. Fomu nimeijaza na kuituma. Joram amekubali, ingawa aliitika kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Nakuuliza swali la kazi. Mtoto akikonda bila kuharisha, bila kutapika, malaria hana, nimempima mwenyewe, utafikiria nini? Anakula kidogo. Jioni joto linampanda kidogo, asubuhi limeshuka. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulikuwa ukipanda vizuri, mwezi uliopita ukalala, mwezi huu umeanza kushuka. Amekuwa mkimya. Zamani alikuwa akinivua kofia ya sare, sasa ananitazama tu.

Ni Kadzo, somo. Sikutaka kuliandika jina lake juu, nimeliandika chini.

Nashindwa kuelewa, maana anatunzwa vizuri. Mavyaa hushinda shambani, na tangu aumie mguu, mzee ndiye anayebaki na mtoto. Humbeba nyuma ya nyumba kivulini, humwimbia. Nikitoka kazini namkuta Kadzo amewekwa mkekani, mzee ameshajiondoa kunipisha, kama desturi. Hata uji ananywesha yeye.

Niambie ni kitu kidogo.

Nyevu


Malindi.
23 Mei 1986

Somo yangu,

Ni kitu kidogo. Meno. Umri wake ndio huo, meno hufanya kila hila: joto la jioni, kukataa chakula, kununa kama bibi arusi. Humu wodini kila siku naletewa watoto wa namna hiyo na mama zao wakilia, wiki mbili baadaye wananipita sokoni mtoto akitafuna muwa.

Mtilie uji siagi ya karanga, mpe papai, mwongeze yai. Na wewe ulale. Muuguzi akiwa na mtoto wake mgonjwa huwa mjinga kuliko mama yeyote, maana anajua majina ya maradhi yote.

Matron anasema karatasi yako imefika wilayani. Nimekwisha kukutafutia chumba kwa Bi Mwanabibi, nyuma ya msikiti, chenye dirisha. Nyevu wangu, utakuja na Kadzo mnono, na kaka Abdulghani atapata mtu mwingine wa kumlalamikia.

Shekha


Vihingoni.
14 Juni 1986

Shekha,

Si meno.

Nilikudanganya Machi, na sasa nitasema. Phineas hakumdunga mzee. Nilimdunga mimi, sindano zote, kwa mkono huu ninaoandikia. Tulifanya ulivyosema: mzee kifudifudi, uso ukutani, kitambaa juu. Ila mzee alikuwa ameambiwa ni Phineas. Phineas alisimama kichwani kwake akisema, "Sasa naingiza, mzee, vumilia," na mimi nikaingiza, kimya, nimebana pumzi asinisikie. Mavyaa yuko nje ya mlango. Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma nikaenda kutapika. Hivyo asubuhi na jioni, mpaka dozi ikaisha.

Uliponigombeza kwa ajili ya Phineas nilikubali matusi, kwa kuwa nilitaka kila mtu aamini ni Phineas, hata wewe. Nilidhani jambo lisilojulikana na mtu haliwezi kumdhuru mtu.

Kwetu kuna ugonjwa unaitwa chirwa. Mtoto hukonda, hunyauka, ngozi hulegea, na dawa ya hospitali haimwingii. Wazee husema wanaouleta ni wazazi waliovunja mwiko wa mwili, na mtoto ndiye hulipa. Shuleni Mombasa tulifundishwa kuwa chirwa ni njaa tu, kwamba mtoto apewe maziwa na mayai. Nimempa maziwa. Nimempa mayai na karanga zako. Mikono yake imekuwa mifupa, Shekha, na macho yamekuwa makubwa. Mimi niliyewacheka wamama kliniki na hirizi zao, naamka nikimtazama na najua ni mimi. Najua kwa tumbo, si kwa kichwa. Kichwa kinasema sivyo, na tumbo halikisikilizi.

Mavyaa amekwisha kuliita jina la ugonjwa. Ameleta mganga kutoka ng'ambo ya barabara, mzee mpole, akamtia Kadzo hirizi shingoni. Amesema dawa haifanyi kazi mpaka aliyevunja mwiko aseme mlangoni, mbele ya watu wa mji. Mavyaa anadhani ni Joram na wasichana wa hotelini, na Joram ameapa mpaka akalia. Nimemtazama mume wangu akilia kwa kosa langu, na sikufungua mdomo.

Nikisema, nitarudishwa kwetu na Kadzo atabaki, maana mtoto ni wa upande wa baba. Nisiposema, na ikawa kweli, namuua. Na Phineas naye nitamwangusha, kwa kuwa Bi Jedida atasikia. Wiki ijayo mganga anarudi. Sijui nitakachofanya. Usinicheke, nakuomba, kwa mara hii moja tu.

Nyevu


Malindi.
15 Juni 1986

Nyevu,

Sicheki. Nimekaa na barua yako tangu Charo aondoke na nimeingiwa na baridi, na sababu si chirwa. Ni mimi na meno yangu. Uliniandikia joto la jioni linaloshuka asubuhi, mtoto anayekonda bila kuharisha, nami nikakujibu kwa mzaha wa bibi arusi. Angekuwa mtoto wa mtu nisiyemjua ningemwita daktari hapo hapo. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nisikilize.

Ulimdunga mgonjwa aliyehitaji kudungwa. Hilo halijamwingia mtoto, na mimi sikuandikii haya kukubembeleza. Sitabishana na tumbo lako, wala hirizi usiivue, mavyaa asije akaudhika. Ila kuna maradhi ya kifua ambayo kwa mtoto mdogo hayaonyeshi kikohozi. Huonyesha hivyo hivyo ulivyoniandikia. Najua Kadzo alichanjwa. Chanjo hupunguza, haizuii yote.

Mtoto mdogo huwa ameyapata kwa mtu mzima anayempumulia karibu kila siku. Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na ulijibu kwa kufikiri: nani anakohoa nyumbani mwenu? Joram? Mavyaa? Wewe? Na bavyaa je, anayeshinda naye nyuma ya nyumba, amekonda? Anatoka jasho? Anatema nini? Ulipokuwa ukimdunga mguu, ulimsikiliza kifua?

Kesho yake ukiipata barua hii, panda basi la Charo, mtoto mgongoni. Usiage mji mzima. Sema unakwenda kuulizia uhamisho, hata huo si uongo. Mimi nitakungoja getini.

Shekha


Karatasi hii nampa Charo saa hii hii, ananingoja barabarani.

Shekha, tunakuja kesho.

Umeuliza kama bavyaa amekonda. Sijui. Huwa simtazami. Kifua sikumsikiliza, nilikuwa nyuma yake nikiomba asigeuke. Sijawahi kumsikia akikohoa hata mara moja.

N.


Matsangoni.
9 Agosti 1986

Somo yangu Shekha,

Tangu tutoke wodini kwenu sijakuandikia, na tulikaa huko siku nyingi mimi na wewe tukitazamana juu ya kitanda kimoja. Nakushukuru kwa kila kitu, hata kwa siku ile mkono wa Kadzo ulipovimba pale mlipomdunga kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, tukajua ndicho, ukaenda kulia chooni ukidhani sikusikia.

Kadzo amepanda uzito. Ni kidogo, lakini mstari kwenye kadi umeacha kushuka. Jana alinivuta kofia. Dawa anakunywa bila kukosa. Tunalala kwa mamangu hapa Matsangoni, sitaki akae mji ule mpaka pawe salama. Bado naogopa. Akilala sana naweka kidole puani.

Pamoja na barua hii Charo atakupa vikopo vya makohozi, changu na cha mavyaa, na cha Joram. Vipeleke maabara. Kuhusu changu, ukipata jibu niandikie moja kwa moja bila kunizungusha.

Sasa ya huku. Bi Jedida alikuja na vikopo mwenyewe, Phineas akachukua makohozi ya bavyaa. Yamejaa vijidudu. Inatakiwa sindano ya kifua kikuu kila siku kwa miezi miwili, halafu vidonge zaidi ya mwaka. Bi Jedida nilimwambia yote ya Machi. Alinitazama sana, akaniuliza aliyedunga ni nani. Nikasema mimi. Akauliza kama kipimo cha dawa kilikuwa sawa. Nikasema sawa. Akafunga mkoba wake, akasema basi huo ni uuguzi, tena uuguzi mbaya, maana mgonjwa hakujua anadungwa na nani na kifua hakikusikilizwa. Hilo la kifua lilinichoma, somo. Miezi yote ile niliogopa kuwa nilimgusa sana, kumbe kosa langu ni kuwa sikumgusa vya kutosha.

Jumamosi iliyopita Joram alirudi, nikaenda naye kwenye mji wao. Nilisimama mlangoni kwa mavyaa, mzee akiwa ndani, nikasema. Nikaanzia kwenye kitambaa mpaka Phineas mpaka kutapika kwangu. Mavyaa alijifunika leso kichwani. Joram alitazama chini. Niliona maisha yangu yote yamesimama pale kizingitini na sikujua yataangukia upande gani.

Ndipo mzee akakohoa. Kikohozi kirefu, cha kutoka chini, kikaisha kwa kutema. Ndiyo mara ya kwanza kukisikia, na naishi pale tangu niolewe.

Akazungumza na mwanawe, kwa kuwa na mimi hatuzungumzi. "Joram, mwambie mama yako asimkemee mtu," alisema. "Mkono wa Phineas naujua, unanuka ugoro. Mkono ulionidunga ulinukia sabuni ya mtoto. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nikanyamaza kwa kuwa nilitaka kupona."

Joram akamwuliza hiki kikohozi amekuwa nacho tangu lini. Mzee akasema tangu mvua za mwaka jana. Mtu mzima hakohoi na kutema mbele ya mke wa mwanawe, ni aibu, kwa hiyo alikuwa akijizuia nikiwapo, na nikiondoka huenda nyuma ya nyumba.

"Na mtoto?" Joram akauliza.

"Mtoto nilikuwa nimembeba," mzee akasema.

Mavyaa alianza kulia chini ya leso, na mimi sikulia, nilikuwa nimekauka. Mimi namficha mkono wangu, yeye ananificha kifua chake, na katikati yetu tulikuwa tumemweka Kadzo. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema hivyo kila siku, na hatukufikiri kuwa kifo chaweza kumwendea mtoto kwanza.

Jumapili nzima haikuja habari. Sikuambiwa niondoke wala nirudi. Na karatasi ya uhamisho imefika, naanza Malindi tarehe mosi Septemba. Niliilaza mezani usiku kucha. Easter bado yuko kwao na mtoto, daktari amerudi lakini hana nafasi ya kuwadunga watu nyumbani mwao, na mzee hana nguvu ya kwenda hata zahanati kila siku, sembuse Kilifi. Nikija kwako, sindano zitakatika, na zikikatika maradhi hurudi yakiwa makali. Nilitamani kuja, Shekha. Nilikuwa nimekwisha kulipanga dirisha la Bi Mwanabibi, mpaka rangi ya pazia. Karatasi hiyo naituma humu. Mrudishie Matron Idah, umwambie nimeomba radhi, na kama mwakani atakuwa bado ananitaka, nitakuja.

Jumatatu asubuhi nilivaa sare, nikabeba trei, na kitambaa chako juu yake. Phineas alinifuata. Mji mzima ulikuwa umetoka kutazama, hata mganga alikuwapo, ameketi na mavyaa. Nilifika mlangoni nikasimama kuihamisha trei mkono mwingine, sindano zikagongana na kila mtu akazisikia.

Sauti ya mzee ikatoka ndani. Alikuwa ameshalala kifudifudi, nadhani, maana ilitoka chini.

"Phineas," alisema, "mwambie muuguzi aingie. Mke wa Joram na abaki hapo nje."

Niliogopa, somo, nikaingia.

Nyevu,
muuguzi, Zahanati ya Vihingoni